Wimbo Uliobaki Jina Tu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kujitolea, hakuna aliyenilazimisha.

Kila Jumamosi, tukishachota maji, wanafunzi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale tulijazana katika chumba cha kompyuta cha Mwalimu Kampire. Wenzangu walibonyeza vipicha kwa kipanya, nami niliwadharau kweli kweli. Nilikuwa nimejifunza kuandika amri kwenye skrini nyeusi, basi nikajiona daktari wa mashine.

Asubuhi hiyo Divine, kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa na haraka. Redio moja ya Mbarara ilikuwa inachagua kwaya ya watoto. Mama Eugénie, muuza maharagwe wa Kakoba mjini humo, alisubiri mlangoni atupelekee flashi. Wimbo wetu ulikuwa na sauti ya Mariette, ambaye alishahamia Kanada na wazazi wake. Sauti hiyo hatungeipata tena.

"Elisée, mashine inasema fasi imejaa," Divine alilalamika. "Salamu za kwaya tutaziweka wapi?"

"Sogea, dada. Nyie wa kipanya hamwezi hii."

Nikaandika amri ln -s, kisha jina la wimbo, kisha folda ya vitu vya kupelekwa Mbarara. Papo hapo jina la wimbo likatokea katika folda ile. Nikalifungua, Mariette akaimba!

"Unaona? Sasa nyimbo ni mbili. Ule wa kwanza ni wa nini? Naufuta tupate nafasi."

"Ngoja! Tuulize Mwalimu kwanza."

"Mwalimu wa nini?" Nikaufuta.

Divine akaufungua wimbo wa folda ya Mbarara. Kimya. Skrini ikasema faili haipo, ingawa jina lake lilikuwa palepale, likitutazama. Divine akaanza kulia.

"Ninyi batoto, teksi inaenda!" Mama Eugénie akapaza sauti.

Mwalimu Kampire alikuja, akaitazama amri yangu kama mtu anayetazama kiatu kilichokanyaga mavi ya ng'ombe.

"Daktari," akasema, "hukunakili wimbo. Umetengeneza kiungo. Kiungo cha namna hii ni kibao tu cha kuelekeza nyumba ilipo. Nyumba umeibomoa, sasa unakishangilia kibao."

Kisha akafungua folda yake mwenyewe. Humo mlikuwa na faili iitwayo MJINGA-AKIJA. Akaigusa, na sauti ya Mariette ikajaa chumbani. Divine akacheka huku machozi yakimtoka.

"Hii niliiunga kwa ln bila ile -s," Mwalimu akaeleza. "Hapo hupati kibao, unaupa wimbo uleule jina la pili. Ukifuta jina moja, wimbo unabaki kwa jina jingine. Kwa hiyo hata hiyo nafasi uliyoitafuta kwa fujo zako, hukuipata."

Nafasi aliipata yeye: alifuta video zangu zote za mpira, bila hata kuniuliza. Salamu zikarekodiwa, kila kitu kikanakiliwa kwenye flashi, na Mama Eugénie akaikimbilia teksi.

"Kabla ya kufuta kitu," Mwalimu akatuambia, "ujue kwanza nini kinakitegemea. Usipojua, uliza. Na mwenye amri moja kichwani asijiite fundi."

Nilikuwa bado na mdomo. "Lakini Mwalimu, mwishowe wimbo haukupotea. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Haukupotea," akajibu, "kwa sababu mimi sikukuamini."