Mkono Uliong'aa

Mashine iitwayo Rasharasha ilikuwa ikinyesha gololi za chuma, ndogo kama punje za ulezi. Zilimiminika kwa kishindo juu ya mikono ya kuning'inizia mabehewa ya treni-anga, ile ambayo kesho yake ingeanza kupeleka watu kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ikining'inia juu ya mabonde. Treni kila nchi inazo. Treni-anga walikuwa nayo watu wa Mbeya peke yao, na kama una haraka usithubutu kuwauliza habari zake.

Aliyeibuni Rasharasha ni mhandisi Atupele Mwambeta. Yeye husema chuma kina kinyongo. Ukikichomelea au kukisaga, kinapoa huku ndani kikiendelea kuvutana, kimya kimya, hata kama ni chuma kisichopata kutu. Kila safari kinapinda kidogo na kurudi, kinachoka, hatimaye ngozi yake inapasuka. Gololi za Rasharasha huibana ngozi hiyo, na ngozi iliyobanwa haitoi nafasi kwa ufa. Ubaya wake ni kwamba chuma kilichonyeshewa hufifia, kikabaki na vishimo kama ganda la chungwa.

Asubuhi ya ukaguzi wa mwisho, Atupele alikuta mkono wa behewa la kwanza unang'aa kama kioo. Akaupitishia kisomakinyongo, kifaa cha kupima mvutano ndani ya chuma, nacho kikawaka taa nyekundu. Ngozi yote iliyobanwa ilikuwa imesagwa, na joto la grenda limeacha mvutano mpya. Na behewa hilo ndilo lingebeba watoto wa kwaya!

Akawauliza mafundi ni nani aliyeung'arisha. Akajitokeza baba yake, Mzee Ambakisye, fundi mstaafu, kitambaa mkononi, uso umejaa tabasamu. Alisema aliona aibu wageni waje wakute kazi ya mwanawe imeparara, basi ameipiga grenda na kuisugua tangu alfajiri.

Atupele alikasirika, na papo hapo akamwonea huruma.

“Baba, umekiamsha kinyongo,” alisema. “Nikiuacha mkono huu hivi utakatika, na watoto wakiwemo.”

Tabasamu la mzee likayeyuka. Meya alinuna kusikia uzinduzi umeahirishwa, akadai kati ya mikono yote unaopendeza ni huo tu. Atupele hakumsikiliza. Alihakikisha hakuna ufa, kisha akaurudisha mkono chini ya Rasharasha. Mzee alisimama nyuma ya kioo cha kinga, akiangalia mng'ao wake ukizimika. Alilia, wala hakujificha.

Siku ya uzinduzi mgeni mmoja akauliza mbona vyuma vimefifia hivyo, kwani rangi iliwaishia?

Mzee Ambakisye akamuwahi binti yake.

“Mkono huu niliung'arisha mimi, bwana, nikauharibu. Huyu mwanangu ndiye aliyeuponya. Hivyo ulivyo, ndio uzuri wake.”

Akapanda behewa la kwanza, akakaa chini ya mkono ule ule.