Wavinya na Piano Isiyolia

"Ukipita mtihani wa piano wa gredi ya tano, sikufundishi tena," Mwalimu Ndolo alisema.

Wavinya akaondoa vidole kwenye piano ya kanisa, pale Jericho. Msichana wa miaka ishirini na minne, fundi wa cherehani Industrial Area, na mdomo wake mnaujua.

"Kwani nimekukosea?"

"Hapana. Mimi mwenyewe niliishia gredi hiyo. Rudia skeli, noti zipande na kushuka."

Akarudi kwangu mimi nyanya yake, Mukuru, amenuna. Kwetu piano itoke wapi? Ndolo, mtoto wa wachonga vinyago, alikuwa amemchongea ubao wenye vibonyezo kamili, ila haulii. Basi kila jioni mjukuu wangu hubonyeza mbao huku akiimba noti mwenyewe. Majirani walishaanza kumwombea.

"Susu," akaniambia, "nitaanguka makusudi. Nikipita nitamkosa."

"Anguka. Lakini kwanza muulize mbona ana haraka hivyo."

Akaenda kwenye kibanda cha simu, nami nyuma yake. Sikio langu lilikuwa na shughuli zake, kando ya lake.

"Mwalimu, unataka niondoke kwako?"

"Ndiyo."

Wavinya akatumbukiza sarafu nyingine.

"Mwanafunzi wangu siwezi kumposa, Wavinya. Nafsi itanisuta. Sasa kalale, kesho mtihani."

Nani alilala?

Kesho yake alitoka kwa mtahini analia.

"Nimeimba, mwalimu. Nilizoea ule ubao, nikasahau."

"Umeimba wimbo gani?"

"Zote. Hadi skeli."

Ndolo akakaa chini kwenye ngazi.

Wiki nyingi baadaye akabisha kwangu, bahasha mkononi, haijafunguliwa. Nje nikasikia sauti za mbuzi.

"Fungua wewe," akamwambia Wavinya.

Akasoma polepole: "Mtahiniwa aliimba mwanzo hadi mwisho bila kuombwa. Nimempunguzia alama moja. Hakukosea noti hata moja. Amefaulu kwa sifa."

"Hao mbuzi ni wa nani, mwalimu?"

"Usiniite mwalimu. Ni watatu, wa ntheo, nimekuja kukuposa."

"Na umewaleta kabla ya kusoma? Ningeanguka je?"

"Ningewarudisha kwetu Machakos kwa miguu, mwaka ujao niwalete tena."

Nikawafungia mbuzi ndani haraka, asije akabadili nia.

Siku ya harusi, mpiga piano pekee wa kanisa ndiye aliyekuwa bwana harusi, amesimama mbele kwa suti. Wavinya akaingia bila muziki, akampita, akaketi na shela lake, akajipigia wimbo wa bibi harusi mwenyewe.

Akauimba pia. Safari hii hakuna aliyempunguzia alama.