Kisu Kilichonyoa Vizuri

Akai alikuwa msusi wa vikapu. Aliishi Nawoitorong, pembeni mwa mji wa Lodwar, pamoja na binti yake Apua mwenye miaka kumi na minne. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mama na binti waliketi kivulini wakitazamana. Akai alipasua majani ya mkoma kwa kisu. Apua alisuka. Vidole vya Apua vilikuwa vyepesi kuliko vya mama yake, na majirani hawakuficha.

"Huyu atakupita," walisema.

"Na anipite," Akai alijibu. "Nitakula kwake."

Mwaka wa 2013 kisu chao cha zamani kilivunjika. Akai akataka kisu cha kukunja. Kisu cha namna hiyo unakitia mfukoni, unakwenda nacho mtoni kukata majani. Alikuwa na vikapu vya kupeleka Kakuma, basi akasema atanunua huko huko, katika soko la kambi ya wakimbizi.

Huko alikuwa na rafiki, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, jina lake Nyandeng. Nyandeng aliuza panga, kamba na visu.

"Ejok, Mama Apua," Nyandeng alimsalimu.

"Ejok. Nipe kisu ya kukunja. Iwe kali."

Nyandeng akampa kisu chenye mpini wa mti, cheusi, kisicho na urembo wowote. Akai alikikunjua, akapitisha makali juu ya nywele za mkono wake. Ndivyo alivyomwona baba yake akipima. Baba yake alivaa abarait, kile kisu cha duara kinachokaa mkononi kama bangili. Abarait ni chuma kimoja tu, haina kiungo. Ikinyoa, ni nzuri. Hakuna swali lingine.

Kisu cha Nyandeng hakikunyoa hata unywele mmoja.

"Dada, hii haikati hata ugali," Akai alisema.

"Makali utatia nyumbani kwa jiwe. Kiungo huwezi kutia. Ngoja nikuonyeshe hapa nyuma."

Akai hakungoja. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, aliwaza. Ng'ambo ya njia alikuwapo mchuuzi mwenye visu vya mpini mwekundu, vinang'aa kama vioo.

"Hii ni original, mathe. Jaribu."

Akajaribu. Kikanyoa mpaka ngozi ikawa laini kama ya mtoto. Akanunua. Aliporudi alipita makusudi mbele ya Nyandeng, akanyoosha ule mkono ulionyolewa.

"Tazama. Hii ndiyo kisu."

Nyandeng alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Haya. Ujichunge."

Wiki mbili kilikata vizuri. Siku moja Apua alikuwa anapasua majani, akasema, "Mama, hii kisu inacheza."

"Mikono yako ndiyo inacheza. Kata."

Neno hilo Akai hulisikia mpaka leo.

Siku ya tatu kutoka hapo Apua alikuwa anapasua bua gumu. Kisu kikakwama. Akakisukuma kwa ncha ili kitoke. Kikajikunja chenyewe, makali yakaangukia kidole chake cha shahada.

Apua hakulia. Alikitazama tu kidole. Akai akatia majivu, akafunga kitambaa, akasema ni kidonda kidogo. Siku mbili baadaye mkono ulikuwa umevimba. Ndipo wakaenda zahanati. Mhudumu wa afya, Adome, alisafisha jeraha, akamdunga Apua sindano ya pepopunda. Halafu akamwambia, "Kunja kidole."

Kidole hakikukunjika.

"Mama, kamba ya ndani inayokunja kidole imekatika," Adome alisema. "Jeraha kama hili unabana na kitambaa safi, unainua mkono juu, unakuja saa ile ile. Majivu ni uchafu. Sasa kidole nitaokoa. Kukunja, siwezi kukuahidi."

Jeraha lilipona. Kidole kilibaki kimenyooka.

Akai alirudi Kakuma na Apua, na kile kisu chekundu. Nyandeng aliutazama mkono wa msichana. Hakusema, "Nilikuambia." Akai alitamani aseme.

"Nionyeshe sasa," Akai alisema.

Nyandeng alifungua kisu chekundu, akashika mpini kwa nyuma, mbali na njia ya makali. Akakandamiza mgongo wa chuma kwenye ukingo wa meza. Kikajikunja bila ubishi.

"Hapa ndipo unauliza kisu swali," alisema. "Isipokataa hapa, usinunue, hata ikinyoa simba."

Kisha akachukua kile cheusi. Alikandamiza kwa nguvu, kikakataa. Kilikuwa na chuma kidogo kinachozuia, na lazima ukisukume kwa kidole gumba ndipo kisu kikunjike.

"Tikisa sasa, huku na huku," alimwambia Apua. "Inacheza?"

"Haichezi."

"Shika mpini. Mkono ukitoka jasho itateleza?"

"Hapana. Mti unashika."

"Na ukikunja, vidole vyako vinakaa wapi?"

Apua alifikiri. "Pembeni. Sio mbele ya makali."

"Huyu ameelewa kuliko wewe, Mama Apua. Sasa sikiza. Mchanga ukiingia kwenye kiungo, toa, tia tone la mafuta. Ikianza kucheza, wacha kuitumia."

Kisu hicho cheusi wanacho mpaka leo. Akai alikitia makali kwa jiwe siku ile ile aliyofika nyumbani, na kiungo chake hakijalegea. Wanawake wa Nawoitorong wanaotaka kununua kisu humwita Akai kwanza. Hanyoi tena nywele. Anakandamiza mgongo kwenye ukuni, anatikisa, ndipo anasema.

Apua anasuka tena. Amejifunza upya kwa vidole vingine, na vikapu vyake ni vizuri, ila haviishi upesi kama zamani. Kile kidole kimoja hukaa kimenyooka anaposuka, kama kinamlenga mtu aliyeketi mbele yake. Na kila asubuhi anayeketi hapo ni mama yake.