Karibu ya Saa Saba

Cherehani ilisikika ikishona kwenye chumba cha mbele, na mshonaji mwenyewe alikuwa amelala chumba cha nyuma.

Mwavita alifumbua macho akasikiliza. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa sita mwaka 2003 ukielekea kwisha, na mtaa mzima wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ulikuwa umelemewa na joto na vumbi. Mumewe, Radjabu, alikuwa gereji. Mama mkwe wake, Bi Sikuzani, alikuwa uani akichambua maharage. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine, na kati yao hakuna aliyejua kukanyaga cherehani ila yeye. Mlio ulikwenda mbio, tu-tu-tu-tu, kama wa fundi anayemalizia pindo mteja akiwa ameshafika mlangoni. Kisha ukanyamaza. Mwavita akajiambia ni jirani, akageukia ukutani. Alikuwa amechoka hivi kwamba hata angeingia mwizi, angemwomba tu arudishe mlango akitoka.

Asubuhi ile alikuwa kliniki. Miaka tisa ya ndoa, mimba mbili zilizotoka kabla ya mwezi wa tatu, na sasa hii, ambayo hakuwaambia hata dada zake. Alikwenda mapema kupigwa ekografi, ile picha ya tumboni, ili ajue moja. Daktari Ildephonse, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alizungusha kidude cha mashine juu ya tumbo lake mpaka jeli ikapoa.

"Mufuko ya mimba naona," alisema mwishoni. "Iko muzuri. Lakini moyo siuoni, na siusikii."

"Kwa hiyo amekufa?"

"Apana, mama, sijasema vile. Pengine ulikosea kuhesabu siku, ingali mapema. Pengine mimba imesimama. Leo siwezi kukupongeza, na siwezi kukupa pole. Urudi kisha wiki mbili."

"Na izo wiki mbili, mi nifanye nini?"

Daktari akampa kitambaa cha kujifutia. "Ungojee."

Rahisi kusema. Watu wa mji huu walikuwa na miaka kumi ya kungoja vita viishe, na katika kazi hiyo hakuna aliyewashinda. Lakini kungoja na tumbo usilojua kama ni la kushangiliwa au la kuliliwa, hiyo ilikuwa kazi nyingine. Mwavita hakuthubutu hata kuliwekea mkono. Aliogopa kulizoea.

Kosa alilolifanya siku ile ya kliniki alilikumbuka siku ya tatu. Mchana ule, kabla tu cherehani haijalia, alikuwa amesikia hodi dirishani. Sasa, tangu vita viingie mjini, hodi kavu ilikuwa haijibiwi Buyenzi. Mwenye kubisha alitaja jina lake na avenyu anakotoka, na hapo ndipo wa ndani alipofungua mdomo. Watu waliosifika Bujumbura nzima kwa karibu zao walijifunza kuzibana kwenye meno. Bi Sikuzani aliwahi kumwacha kaka yake wa tumbo moja juani nusu saa, kwa sababu tu alisahau kujitaja. Lakini Mwavita alikuwa kati ya usingizi na macho, na hodi ile ilikuwa ndogo, ya adabu, hodi ya mtu aliyetoka mbali. Ulimi ukajibu wenyewe: karibu. Hakuuliza jina. Hakuna aliyeingia, au ndivyo alivyodhani.

Baadaye ikaja harufu.

"Mvua imenyesha wapi?" Bi Sikuzani aliuliza, amesimama uani na ungo mkononi, akinusa.

Ilikuwa harufu ya matone ya kwanza juu ya vumbi, na mbingu ilikuwa nyeupe haina wingu, na mvua ilikuwa bado miezi miwili na zaidi. Harufu ilitoka chumba cha mbele. Juu ya cherehani Mwavita alikuta kipande cha bafta nyeupe ambacho alikuwa amekitupa kwenye kapu la mabaki. Kilikuwa kimepitishwa sindano. Matundu madogo yalifuatana sawasawa, mstari ambao hata yeye asingeunyoosha vile, lakini uzi haukuwamo.

Alikikunja akakificha chini ya godoro. Kesho yake alikikuta cherehanini tena, kimeongezwa mistari miwili. Akautoa mkanda wa cherehani akauweka kabatini, na bado mistari ikaongezeka. Hakumwambia mtu. Alikuwa na jambo moja la kuogopa, na hilo halikumwachia nafasi ya la pili.

Wiki mbili zilipotimia, makombora yakaanza. Yalirushwa kutoka milimani yakaangukia mitaa ya kusini, na watu wa Musaga wakateremka mjini na magodoro kichwani. Mabasi hayakwenda. Mwavita alikwenda kliniki kwa miguu akakuta mlango umefungwa, na karatasi imebandikwa kwamba wauguzi hawakuweza kufika. Aliisoma mara mbili, akarudi. Njiani alilia, na alilia kwa hasira. Alitaka kuambiwa tu, hata kama ni habari mbaya, ili naye ajifunike shuka aomboleze kama watu wengine.

Jioni ile umeme ulikatika kabla ya magharibi. Radjabu alikuwa amerudi mapema kwa sababu ya makombora, na wote wawili walijilaza, maana hakukuwa na kingine cha kufanya.

"Radja," Mwavita alinong'ona. "Unasikia?"

Tu-tu-tu-tu. Radjabu alisikiliza kama anavyosikiliza injini.

"Ni jenereta ya jirani, ya Rachid."

"Jenereta ya Rachid iliibiwa mwaka jana."

"Basi ni cherehani yako. Paka amekanyaga."

"Mukanda nimetoa. Iko mu kabati."

Mlio ulitoka chumba cha mbele ukaja ukumbini, ukapita mlango uliofungwa kama vile haukuwapo, ukazunguka upande wa Radjabu, ambaye alishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili akisoma aya alizozijua tangu utoto na kuzichanganya zote, ukaja upande wa Mwavita, na harufu ya mvua ikawa nzito mpaka shuka zikawa na unyevu, na mbali mlimani kitu kikalipuka madirisha yakatikisika lakini mlio haukukosa hata pigo moja, ukashuka chini ya kitanda, ukapanda kwenye mbao, ukapenya godoro, ukamgusa mgongoni, na hapo ukaanza kuwa mdogo, mdogo zaidi, ukaingia mahali ambapo sikio haliwezi kuufuata. Nyumba ikatulia.

"Imeenda?" Radjabu aliuliza, kwa sauti isiyo yake.

Mwavita alilala chali mpaka kukapambazuka, mikono ameinyoosha pembeni, mbali na tumbo.

Asubuhi alimweleza mama mkwe wake kila kitu, na Bi Sikuzani akatoka bila hata kunywa chai akamleta Mwalimu Yahaya. Huyu alifundisha watoto Kurani asubuhi na kuziba matairi ya baiskeli mchana, na miaka hii ya vita alikuwa amewasomea dua watu wengi mpaka sauti yake ikabaki kama ya mwenye mafua. Mlangoni alitaja jina na avenyu yake, ingawa Bi Sikuzani alikuwa naye. Alikaa mkekani, akasikiliza yote, akauliza jambo moja.

"Uliuliza jina?"

"Apana, Mwalimu. Nilikuwa nimechoka."

"Wote tumechoka, binti yangu," alisema, na hakuwa akimlaumu.

Akaomba aletewe kitambaa. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, na matundu yakaonekana yote pamoja: mabega mawili, mikono miwili, na shingo ya kupitisha kichwa kisichozidi chungwa. Bi Sikuzani akashika kifua. Katika nyumba yao mtoto hashonewi kitu kabla hajazaliwa, hata kofia.

"Uyu hakuingia kwa nguvu," Mwalimu alisema. "Aliomba, akapewa. Jini ya ruhusa mi siwezi kuifukuza. Inaagwa na yule aliyeikaribisha. Utasema mara tatu: nilikukaribisha, sasa nakuaga. Itatoka."

"Sema, mwanangu," Bi Sikuzani alinong'ona. "Sema sasa hivi."

"Na mutoto?" Mwavita aliuliza.

Mwalimu alikikunja kitambaa polepole. "Iyo ndiyo sijui. Kama mutoto wako ana moyo yake, uyu atatoka na mutoto atabaki. Kama hana, basi uyu ndiye moyo."

"Na nikimwacha?"

"Atazaliwa. Atanyonya, atakuita mama. Na we hautajua hata siku moja ni nani ulilea."

Mwavita akamtazama mzee yule na macho yake mekundu, akamkumbuka daktari na yake. Wote wawili walikuwa wamesoma, na wote wawili hawakujua. Akasikia uchovu unampanda kutoka miguuni.

"Nitasema mbele ya mashine," alisema. "Moyo ikisikika, nitaaga palepale. Ikiendelea kupiga, ni ya kwetu."

Mwalimu akafikiri, akaona ni haki. Bi Sikuzani hakuona hivyo, lakini alikuwa ametoa vitambaa viwili vya damu nyumba hii kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa na moyo wa kumlazimisha mtu.

Kliniki ilifunguliwa siku ya ishirini na mbili tangu ekografi ya kwanza. Radjabu alibaki nje na kofia yake mikononi. Ndani, Mwavita alipanda kitandani, akafunua tumbo, akakaza macho kwenye bati la dari. Daktari Ildephonse alipaka jeli, akazungusha kidude chake, akabonyeza kitufe.

Tu-tu-tu-tu.

"Uyu apa," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Unasikia, mama? Moyo. Na ana nguvu. Ulikosea kuhesabu tu."

Mwavita alilia. Alifurahi mpaka kifua kikamuuma, na ndani ya furaha ileile aliutambua mlio, pigo kwa pigo. Lakini ahadi ilikuwa ahadi. Akafumba macho.

"Nilikukaribisha," alisema kwa sauti ndogo. Daktari akadhani ni dua, akangoja kwa heshima. "Sasa na..."

Umeme ukakatika. Feni ya dari ilipunguza mwendo ikasimama, kioo cha mashine kikawa cheusi, taa nyekundu ukutani ikazimika, na mwanga ukabaki ule mdogo wa dirisha lenye pazia. Moyo uliendelea kupiga. Daktari aliitazama mashine. Akainama akachomoa waya ukutani, akaushika mkononi. Akakitoa kidude tumboni akakiweka mezani. Tu-tu-tu-tu, ndani ya chumba, karibu yao, na harufu ya mvua ikajaa hapo katikati ya kiangazi.

"Mashine imezimika," alisema kwa mnong'ono.

"Naona."

"Mama, iyi sauti..."

"Naisikia, dokteri."

Jibu alikuwa amelipata bila kusomewa na mtu: moyo uliopiga ulikuwa wa yule mgeni. Maneno yaliyobaki yalikuwa mepesi, angeweza kuyamaliza kabla feni haijarudi kuzunguka, kisha angevaa, angetoka nje kwa Radjabu mikono mitupu kwa mara ya tatu, na Bi Sikuzani angechemsha maji bila kuuliza. Akayaonja mdomoni. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa siku ishirini na mbili: aliweka mkono juu ya tumbo lake. Kitu kilikuja kikatulia chini ya kiganja, kidogo, cha adabu, kama kinachongoja kuambiwa kikae wapi.

Daktari alikuwa amechukua karatasi, maana hiyo ndiyo kazi pekee aliyobaki akiijua.

"Niandike nini?"

"Andika moyo iko inapiga."

Akaandika. Mwavita alijifuta jeli mwenyewe, akafunga kitenge chake, na kabla hajashuka kitandani akainamisha kichwa kuelekea tumboni.

"Karibu," alisema, safari hii akiwa macho kabisa.