Valère Hayumo Ndani ya Simu

Kila asubuhi, katika mtaa wa Kyebando, Nabintu hupanga vitenge na hereni katika mfuko wake mkubwa. Kisha huenda Nakasero, katikati ya jiji, kuviuza ofisi kwa ofisi. Siku hizo, kabla ya kutoka, hakumsalimu mwanawe Bienfait. Alimwuliza tu, "Umeangalia?"

Bienfait alijua anaulizwa nini. Vita ilipowatoa kwao Bukavu, kaka yake Valère alibaki nyuma kidogo ili afunge nyumba. Hawajamwona tena. Kwa hiyo Bienfait alijiunga na makundi mengi ya WhatsApp ya watu wa kwao. Picha za wakimbizi zilimiminika humo mchana kutwa, naye alitafuta uso mmoja.

"Nimeangalia, mama. Haonekane."

"Angalia tena."

Bienfait anasomea kazi ya maabara katika chuo kikuu. Zamani alikuwa mkali darasani. Lakini sasa alifungua simu kumtafuta kaka yake, na alipozinduka alijikuta anatazama vichekesho, au watu asiowajua wakicheza dansi. Chai ilikuwa imepoa na somo limempita.

Siku ya mtihani mkubwa alitaka kuiacha simu nyumbani. Mama yake akamtilia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Beba," alisema. "Na kama banatuma habari saa ile?"

Bienfait alifika mapema, akakaa kwenye ngazi nje ya chumba cha mtihani. Akachungulia simu kidogo tu. Ilikuwa video ya watu kambini, na nyuma yao alipita kijana mwenye shati la buluu. Valère alikuwa na shati kama lile. Bienfait akairudisha video, akaitazama tena na tena, kisha akazitafuta nyingine za kambi ile. Alipoinua macho, wenzake walikuwa wanatoka. Mtihani ulikuwa umekwisha.

Mwalimu alimpa nafasi ya kuurudia, tena ya mwisho. Akikosa, chuo kitamwondoa.

Jioni alimweleza mama yake yote. Jirani yao Alal alikuwepo, amekaa mkekani akichagua kitenge. Alal ni mke wa askari polisi, na kazi yake ni kushauri wagonjwa hospitalini Mulago.

Nabintu alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alikuwa ni yeye?"

"Sijue, mama. Uso haukuonekana."

"Leta nione."

Wakainamia simu wote wawili. Alal akaweka kitenge chini.

"Mama Valère," alisema, "na mtihani je?"

Wao waliendelea kutazama video. Alal akaanza kusema polepole.

"Mimi ni mtu ya Kitgum. Vita ya kule ilichukua dada yangu, Amony. Mimi na redio tukakaa kama bwana na bibi. Chakula inaungua, mimi niko kwa redio. Kila habari nasema, labda sasa."

"Akarudi?" Nabintu aliuliza.

"Hapana. Mpaka leo namtamani. Lakini ile redio haikuleta Amony karibu. Ilinitoa tu kwa watoto yangu."

Macho ya Nabintu yalijaa machozi, na hasira pia. "Unataka nimusahau mwana wangu?"

"Hapana, dada. Nataka umtafute vizuri." Alal akamgeukia Bienfait. "Wewe, simu imekushika kwa sababu ya hiyo 'labda'. Kama hakuna kitu kabisa, ungechoka, ungeacha. Lakini leo unaona mtu ya kwenu, kesho hakuna, kesho kutwa unaona shati. Kidole inataka tena. Halafu saa inapita, unacheka na mtu anacheza dansi. Huyo ni Valère?"

Bienfait alitabasamu kwa aibu. "Hapana, anti. Lakini nikiacha, ninaona ni kama ninamuacha yeye."

"Simu ya kupiga iache ilie, hiyo ni sawa. Mtu akiwa na habari ya kweli atapiga. Makundi, yanyamazishe. Chagua wakati mmoja wa jioni, uangalie na mama, halafu mnafunga. Ukisoma, simu ikae chumba ingine. Na mwende kwa Msalaba Mwekundu. Kutafuta ndugu waliopoteana ni kazi yao, wako nayo kila siku. Wewe kazi yako ni mtihani."

Walikwenda Msalaba Mwekundu pamoja. Nabintu aliwatajia jina la mwanawe, kovu lake la kidevuni, na mahali walipoachana. Alitoka pale analia, lakini alitembea wima.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Bienfait aligusa mfuko mtupu kila mara alipofungua kitabu. Mama yake naye alifungua mdomo kuuliza, akaufunga. Taratibu mkono ulitulia. Bienfait alianza kusoma na wenzake maktabani, akarudi nyumbani na maswali ya kitabuni badala ya picha.

Akafanya mtihani wa marudio, akafaulu.

Nabintu alipika sombe, yaani kisamvu, kwa samaki, akamwita Alal. Walipoanza kula, mkono wa Nabintu ulisimama.

"Valère angekuwepo, angesema sombe haina chumvi," alisema. "Kila siku alisema vile. Halafu anamaliza sahani yote."

Bienfait aliacha kula. Alikuwa ametazama maelfu ya nyuso, na hilo alikuwa amelisahau.

"Endelea, mama," alisema. "Alisema namna gani?"

Nabintu akaigiza sauti ya Valère, akacheka, kisha akalia waziwazi. Valère alikuwa bado hajapatikana. Lakini mwanawe mwingine alikuwa mbele yake, amemtazama usoni, anasubiri amsimulie zaidi.