Pakanga Kwenye Nguo za Mtoto

Mwanamke mmoja, fundi cherehani, alishonea sebuleni karibu na dirisha. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mama mkwe wake alikuja kukaa nao, akaleta begi moja na kopo lenye pakanga. Huo ni mmea wa majani ya kijivu, machungu ya kukunja uso. Kopo aliliweka nje ya mlango wa jikoni.

Siku ya tatu fundi alifungua sanduku la nguo za mtoto, akakuta tawi la pakanga katikati ya vishati. Jingine lilifungwa kwa uzi kwenye kitasa cha mlango. Akaamini ni uchawi. Tangu hapo akawa anamtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni. Akipewa chai, aliimwaga. Alimwambia mumewe, naye akasema mama yake hana ubaya. Mume gani angesema vingine?

Mteja mmoja, mwenye ulimi mrefu kuliko gauni alilokuja kupunguza, alimnong'oneza la kufanya. Achemshe majani ya mmea uleule, anywe asubuhi na jioni, na uchawi utamrudia aliyeufanya. Fundi akachuma kwa siri. Mama mkwe akaona mmea wake unapungua, akashuku kwamba mkwe wake anautupa kwa chuki. Naye akanuna.

Siku tatu baadaye tumbo la fundi lilikaza, likaachia, likakaza tena. Aliogopa kumpoteza mtoto. Mama mkwe ndiye aliyemshika mkono mpaka zahanati, na fundi alikwenda akiamini anapelekwa na adui yake.

Mkunga alimpima, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kisha akauliza amekunywa nini. Fundi alisema ukweli: pakanga, vikombe viwili kwa siku, kwa hofu ya matawi aliyoyakuta kwenye nguo na mlangoni.

"Huenda ndiyo iliyokukaza tumbo," mkunga alisema. "Mwenye mimba hanywi pakanga, hata kidogo. Inaweza kuharibu mimba."

Aliwaeleza kwamba tangu zamani watu huinywa kwa minyoo na maumivu ya tumbo. Wengine hutia jani moja kwenye nyama yenye mafuta. Wengine huitundika mlangoni kufukuza kijicho. Kijicho yeye hana kipimo chake. Lakini tawi kavu kwenye nguo hufukuza nondo, wala si uchawi. Mjamzito asinywe jani lolote kabla ya kuuliza zahanati.

Fundi aliona aibu, akalia.

"Kumbe ni nondo, mama?"

"Nondo, mwanangu. Mumeo alipokuwa mchanga, nguo zake zote zililiwa. Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa."

"Na mimi nilinuna badala ya kukuuliza. Tungempoteza mtoto kwa kununiana."

Fundi alilazwa siku mbili, tumbo likatulia. Miezi ilipotimia alijifungua mtoto mzima, mwenye kilio cha kuamsha mtaa.

Wiki hiyohiyo jirani alileta unga wa majani ndani ya karatasi, eti unaongeza maziwa.

"Majani gani?" fundi aliuliza.

Jirani hakujua. Fundi aliikunja ile karatasi, akamwambia wasubiri kwanza waulize. Alipogeuka kumwomba mama mkwe amshikie mtoto, alimkuta ameshavaa viatu vya kwenda zahanati.