Ngoma Iliyokatwa Katikati

Mkanda wa kupimia moyo ulikuwa umelazwa juu ya kiti, haumgusi mtu, na bado mapigo yalikuwa yanapanda kwenye kioo cha mashine.

Faida ndiye aliyeyaona. Rafiki yake Bintu, aliyekuwa ameuvaa mkanda ule kifuani mchana kutwa, alikwisha kuuvua na sasa alikuwa ameketi sakafuni akijifuta jasho kwa kitenge. Walibaki wawili tu katika ukumbi wa chuo, kule Ibanda mjini Bukavu, madirisha yakitazama ziwa. Wenzao wa sayansi ya dansi walikwisha kwenda zao. Mapigo yalipanda kama ya mtu anayecheza kwa nguvu, yakatulia kidogo, yakapanda tena.

"Bintu, ulivula mukanda?"

"Njo ile kwa kiti. Unauliza juu ya nini?"

Faida aliizima mashine.

Mwalimu wao, prof Philémon, aliigeuzageuza kesho yake akasema ni batri. Huyu ndiye aliyewafundisha kwamba dansi ni mifupa, misuli, pumzi, na ardhi inayomrudishia mchezaji nguvu zake. Faida alimwamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi.

Kazi ile ya vipimo ilikuwa ya Bintu, kazi yake ya kumalizia masomo. Kwao ni Uvira, watu wa biashara ya nguo ambao mababu zao walitoka pwani, na nyanya yake alikuwa akiwapigia ngoma watu wenye majini. Bintu alitaka kujua moyo na viungo vya mtu hufanya nini anapocheza ngoma ile. Likizoni alikwenda akairekodi kwa simu, nyanya akipiga, na katikati ya ngoma simu ikazimika. Kabla hajarudi kurekodi sehemu iliyobaki, bibi kizee akafariki. Basi Bintu akawa anaipiga ile nusu kwa kipaza sauti, anacheza, ngoma inakatika, anairudia tangu mwanzo.

Siku chache baadaye walitumia bamba la sakafuni. Ukilikanyaga, alama ya unyayo wako hutokea kiooni, nyekundu pale uzito ulipolala. Faida aliketi mbele ya kioo, Bintu akacheza. Nyayo za Bintu zilitokea kama kawaida, fupi na pana. Kisha mbele yake zikatokea nyingine. Nyembamba, ndefu, hazina kisigino. Zilielekeana na za Bintu, na kila Bintu aliporudi nyuma hatua moja, zile zilisogea mbele hatua moja, taratibu, kama mtu anayemfuata mwenzake ampendaye. Ukumbini palianza kunuka udi, na chini ya udi harufu nyingine, kama ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi.

Ngoma ikakatika. Nyayo zile hazikuondoka. Zilisimama pale pale, uzito wote mbele, zikingoja.

"Tuache hii ngoma," Faida alimwambia njiani, kwa sauti ya chini. "Naomba, Bintu. Niliona kitu."

Bintu hakumwuliza ni kitu gani. "Sitaweza," alisema. "Wakati inakatika, niko nasikia kama kuko mutu ananingojea nimalize."

Kuanzia hapo alianza kukonda mbele ya macho ya watu. Alikuwa akiishi kwa tonton Kassim, ndugu ya baba yake, nyuma ya soko la Nyawera, na majirani walisema mtoto yule halali. Hospitali walimtundikia chupa ya serum mkononi, wakasema ni uchovu, wakamrudisha nyumbani. Faida alipokwenda kumtazama, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, macho yamefumbwa, usingizini kabisa, na miguu yake ikicheza. Visigino vilikuwa juu. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikigonga saruji, tena na tena, ngozi imechubuka hadi damu, na kila vilipofika mahali fulani vilisita, vikatetemeka, vikaanza upya.

Faida akamshika kifundo cha mkono kusikiliza moyo. Ulikuwa ukienda mbio kama wa mtu anayepanda mlima, naye ameketi.

"Mwenzangu, mbona wanishika?" Bintu akasema.

Midomo ilikuwa ya Bintu. Lakini Bintu maisha yake yote alisema *mutu* na *muzuri* kama kila mtu wa Uvira na Bukavu, na maneno haya yalikuwa ya pwani, ya watu wa zamani, yametamkwa polepole kwa sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Mlinipigia, nikaja," sauti ikaendelea. "Nimevuka nchi na maji. Kisha mkaninyamazia. Yupo wapi aniagaye?"

Faida alitaka kuuachia ule mkono, vidole vikamkatalia. Nyuma yake mlango ulifungwa. Tonton Kassim alikuwa amesimama pale, shati limemganda mgongoni, na ilionekana alikuwa amesikia yote.

"Kuja inje, mutoto," alinong'ona. "Usiiachie mugongo. Rudi kinyumenyume."

Uani alimweleza, macho yakiwa chini. Aliyekuwa akipiga ngoma ile ni mama yake mzazi. Yeye mwenyewe, alipokuwa kijana, alikaa kando yake akipiga ngoma ndogo, mpaka siku moja alipoona jambo ambalo hakutaka kulisimulia, akaacha, akafungua duka.

"Mama alikuwa anaita kwanza," alisema. "Kisha mwisho anaaga. Bila kuaga, haiendi."

"Na asipoagwa?"

"Itacheza mpaka ile mwili inachezea iishe."

"Basi umuage wewe, tonton."

Kassim aliitazama mikono yake. "Nilishasahau mwisho. Na niko naogopa, sikufiche."

"Moyo wake hautafika juma ingine," Faida akasema. "Hiyo njo kitu nilisomea. Ninajua."

Mzee yule akaingia ndani kuitafuta ngoma.

Jini aliitiwa ukumbini, Kassim alisema, na ukumbini ndipo angeagwa. Prof Philémon aliwapa ufunguo bila kuuliza neno. Alisema tu kwamba bamba la sakafuni wasilikanyage, na Faida akatambua kwamba zile nyayo naye alikwisha kuziona.

Walikwenda alasiri, umeme umekatika, mvua ikipiga mabati hata ziwa halikuonekana. Kassim akaketi, akataja jina la Mungu, akaanza. Bintu, aliyeletwa amebebwa kama mzigo, aliinuka mwenyewe kwa vidole vya miguu, akacheza, na Faida aliyekuwa amesimama ukutani aliona jinsi magoti yake yalivyokuwa yakikunjika na kuvutwa juu tena, yakikunjika na kuvutwa, kana kwamba kuna aliyemshika nywele kutoka juu, na midomo yake imegeuka rangi ya majivu, na kichwa kikilala huku na huku bila mwenyewe. Hapo Faida hakufikiri tena, kwa maana angefikiri asingethubutu. Alikwenda nyuma ya Bintu, akampitishia mikono chini ya makwapa, akaziweka nyayo zile zenye damu juu ya nyayo zake mwenyewe, akaubeba uzito wote yeye, na akacheza, akicheza kwa ajili ya wote wawili, harufu ya udi na ya nguo mbichi ikimjaa kooni, mvua ikizidi, giza la mawingu likishuka madirishani, hadi akahisi kwamba kati ya kifua chake na mgongo wa Bintu, pale ambapo hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kiganja, kuna mwingine, baridi, amelowa, naye anapumua.

Ngoma ikafika mahali ilipokatikia siku zote. Mikono ya Kassim ikasimama hewani.

"Sijue mbele," alisema, karibu kulia. "Faida, sijue."

Hapakuwa na sauti ila mvua. Kisha kinywa cha Bintu kikafunguka.

"Siyo kazi ngumu, Kassim. Mamako aliirudisha nyuma, kama mtu afungaye mlango." Na kile kinywa kikaanza kuigiza ngoma, kwa ulimi, taratibu, pigo kwa pigo, kama mtu mzima anavyomfundisha mtoto kuhesabu. Kassim akafuata huku machozi yakimtiririka. Mapigo yakawa machache, yakaachana, moja, kimya, moja, kimya kirefu zaidi, na baridi ile ikajitenga na kifua cha Faida polepole kama nguo iliyolowa inavyobanduliwa mwilini.

Ndipo akaisikia sauti. Safari hii haikutoka kinywani mwa Bintu. Ilikuwa sikioni mwake, upande wa kushoto.

"Ahsante, Faida. Umenibeba vyema."

Bintu akamlemea mikononi, mzito, wa moto, akiwa mtu peke yake. Akafumbua macho. "Niko na kiu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Alipona. Kwa majuma aliyokaa hospitali, moyo ulitulia, akala ugali na sombe mpaka wauguzi wakamcheka. Katika baraza ya hospitali, tonton Kassim akamshukuru Faida kwa maneno mengi, na Faida, akitaka kuitoa rohoni ile siri, akamweleza jinsi ile sauti nayo ilivyomshukuru.

Kassim akamgeukia. "Ilikutaja jina?"

"Ndiyo, tonton."

Mzee akainuka kutoka kwenye benchi, kama mtu aliyekumbuka shughuli, akasimama mbali kidogo naye. "Mama alikuwa anaiaga irudi mpaka kwao," alisema. "Mimi niliiaga tu kutoka kwa Bintu. Mutoto wangu, fasi ngoma inapigwa, pale usifike."

Lakini Faida ni Mkatoliki, na Jumapili ni Jumapili. Alikwenda misa na mama yake, akachagua benchi la nyuma kabisa, mwisho, ukutani. Wakati wa matoleo ngoma zikaanza, na akina mama wakatoka kwa safu wakicheza kuelekea altare, vikapu vya ndizi na mihogo kichwani. Faida aliifunga miguu yake chini ya benchi, akaushika ubao kwa mikono miwili, akasali. Miguu haikutikisika. Alianza kupata nafuu.

Maman mmoja aliyeketi mbele yake aligeuka, akatabasamu, akatazama nafasi finyu kati ya Faida na ukuta.

"Mwenzako anataka kupita," alisema kwa upole. "Umupishe, aende naye acheze."

Mama yake Faida alikuwa upande wa pili. Faida hakugeuza kichwa. Alivuta magoti nyuma, polepole, na kitu baridi, kilicholowa, kikapita juu yake kikielekea kwenye ngoma.